Kitenge cha Madamu Tanganyika

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niokote pini. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na shule yetu hapa Toronto ina utaratibu wa kumtoa mwanafunzi darasani kwa muhula mmoja ili akajifunze kazi mahali watu wanapofanya kazi kweli. Wenzangu walipelekwa kwenye maduka ya simu na kliniki za meno. Mwalimu anayeshughulikia mambo hayo aliona jinsi nilivyokuwa namjibu huku nikiviangalia viatu vyangu, akasema amenipatia mahali patulivu, kwa fundi cherehani. Mama alitia sahihi fomu kwa furaha. Yeye mwenyewe ni mshonaji, ingawa hapa anaishi kwa kuhudumia wazee, na aliposikia kwamba mwenye duka ni Mhindi wa Dar es Salaam anayesema Kiswahili, hakuuliza lolote zaidi.

Patulivu hapakuwa. Duka liko ghorofa ya pili, juu ya mkahawa, katika barabara ya Church. Kutoka kwetu St. James Town ni mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu: unashuka na Wellesley, unavuka Jarvis, na mara unakuta vivuko vya barabara vimepakwa rangi za upinde wa mvua, na bendera za rangi hizohizo zinaning'inia madirishani. Ni mtaa wa wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake. Maneno tuliyo nayo nyumbani ya kuwaita watu hawa ni ya kurusha kama mawe, kwa hiyo nitawaita kama Fundi alivyowaita siku zote: watu wa mtaa.

Nilipofungua mlango nilimkuta mwanaume mwenye ndevu amesimama juu ya stuli, amevaa gauni jeupe la mabega wazi, anakula ndizi. Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti akimpimia pindo. Hakugeuka. Alisema kwa Kiingereza nifunge mlango, baridi inaingia. Kisha akachukua karatasi yangu ya shule, akalisoma jina, na sauti yake ikabadilika.

“Riziki. Kwenu wapi, binti?”

Nilimwambia nilizaliwa kambini Nyarugusu, wazazi ni wa Uvira. Akasema karibu, ile pale sumaku, pini zote zilizoanguka sakafuni ni zangu. Hicho ndicho kilikuwa cheo changu cha kwanza, na nilikishikilia kwa wiki sita.

Nawaandikia mnaonifuata, kwa sababu najua mwalimu atamtuma mwingine mwaka huu, na kazi hii haijaandikwa popote. Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na minane. Mnaweza kucheka, lakini muhula ulipoisha niliendelea, na miaka miwili ya kila Jumamosi na likizo zote si haba. Wapo watu wazima wasiodumu hivyo mahali pamoja.

Fundi Mkuu, yule mzee aliyenipokea, ambaye kila mtu humwita Fundi tu, ana miaka sabini na kitu, suruali yenye mkunjo mkali wa pasi, na jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine kichwani. Alikuja huku akiwa kijana, pamoja na familia yake, wakakaa Don Mills, kaka zake wakafungua biashara. Yeye alikuwa anapenda wanaume, na nyumba ikawa ndogo. Akahamia mtaa huu na sanduku moja na cherehani ya mkono. Mambo haya hakunisimulia kwa kikao. Yalitoka kidogo kidogo, sindano ikiwa mdomoni, nami nilikuwa nikiyaandika kwenye daftari langu nikifika nyumbani.

Vilabu alivyovishonea ni vingi kuliko vilivyobaki. Alivitaja kwa kunyoosha kidole dirishani: pale penye benki, pale panapochimbwa msingi wa ghorofa, pale juu ambapo polisi waliingia siku moja wakawatoa watu nje kama wezi, na wiki iliyofuata watu haohao wakarudi wakiwa wamevaa vizuri zaidi. Alisimulia pia miaka ya ukimwi. Alikuwa akiwapunguzia suti wanaume waliokonda kila wiki, bila kuwauliza kitu, na suti nyingi alizipunguza mara ya mwisho kwa ajili ya jeneza. Alisema hakuna hata mmoja katika wateja wake aliyezikwa na nguo inayompwaya. Aliposema hivyo alinyoosha mgongo. Nilielewa kwamba hiyo ndiyo nishani yake.

Baada ya pini nilihamishiwa pasi, chini ya Mkuu wa Pasi, mama wa Kireno asiyependa maneno. Kwake nilijifunza kwamba nguo ya kumetameta haipigwi pasi usoni bali mgongoni, juu ya taulo, la sivyo vile vipande vya plastiki vinavyong'aa vinayeyuka na kunuka kama sufuria iliyoungua. Baada ya pasi nikapewa kupiga bandi, yaani kushikiza vitambaa kwa mishono mirefu ya mkono kabla cherehani haijapita. Vidole vyangu vilitoboka mpaka niliponunua subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole. Na mwaka wa pili, Fundi alipoona mwandiko wangu, akanikabidhi daftari la vipimo.

Hapa inabidi nieleze vizuri, maana ndipo habari yenyewe ilipo. Wateja wetu wakubwa ni malkia, wanaume wanaopanda jukwaani wamevaa kike, wakaimba, wakacheza na kuwatania watu. Malkia haji na umbo lake dukani. Umbo lake liko ndani ya mfuko. Kuna pedi za sponji, zinachongwa kwa kisu kama mhogo, zinavaliwa nyongani na makalioni chini ya soksi ndefu tatu au nne. Kuna mkaja wa kubana kiuno, wenye kamba nyuma. Akishavaa vyote, mtu aliyeingia na inchi thelathini na nane za nyonga anatoka na arobaini na tano. Wapo pia wanawake wanaotaka kinyume chake, suti ilale bapa kifuani na kunyooka kiunoni, nao wana vifungio vyao. Kwa sababu hiyo daftari letu lina safu mbili, ya mwili na ya jukwaa, na nguo hukatwa kwa safu ya jukwaa.

“Hatumpimi aliyeingia mlangoni,” Fundi aliniambia siku aliyonipa daftari. “Tunampima atakayepanda jukwaani. Huyo usipomwona, usiandike.”

Nililiweza vizuri sana daftari lile. Mimi ambaye darasani sinyooshi mkono hata nikiwa na jibu, niliweza kumwambia mwanaume wa futi sita avue koti, avae pedi, ashushe pumzi, ageuke. Nilisema yote kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza sikuona haya. Wao walinitania, wakaniita daktari, na mmoja alikuwa akiuliza kila mara kama atapona. Na kwa kuwa nimestaafu nitasema na hili: ni katika duka lile, nikiwashikia pini wanawake wawili wa Scarborough waliokuwa wanapimiwa suti za ndoa yao, ndipo nilipojua kwamba mimi pia ni mtu wa mtaa. Sikulia wala nini. Niliendelea kushika pini. Lakini niliporudi nyumbani nilipitia njia ndefu.

Basi mwishoni mwa Mei mwaka huu akaja Deo.

Nilimjua mara alipoingia, naye akanijua. Deo ndiye anayepiga kinanda kwenye harusi za Wakongo kule Lawrence Heights. Ana miaka thelathini na ushei, anafanya kazi kiwanda cha mikate, na wamama wote wanamsifu kwa adabu. Yeye ndiye aliyecheka kwanza, akasema kwa hiyo leo tumekamatana. Jukwaani anaitwa Madamu Tanganyika. Alikuwa amecheza miaka mitatu kwenye vilabu vidogo, na sasa, wiki ya Praidi, ile wiki ya maandamano na sherehe za mtaa mzima mwishoni mwa Juni, alikuwa amepewa kufunga onyesho la Jumapili mchana katika ukumbi mkubwa.

Alitoa kitenge kwenye mfuko wa plastiki. Mbayuwayu weusi wakiruka juu ya manjano, yadi sita, hakijawahi kukatwa. Mama yake alikinunua Uvira kabla ya vita kuwafukuza, akakibeba mpaka kambini, na Deo alipopata ndege ya kuja Kanada akakitia kwenye begi lake: hiki cha mkwe wangu, utampa siku ya harusi. Mama yule alifariki mwaka juzi. Deo alisema amefikiri sana. Mkwe hatakuwepo. Kitenge kitaoza kabatini. Bora akivae yeye, gauni la kubana mpaka magotini na mkia mrefu nyuma, mara moja, mbele za watu, kwa ajili ya mama.

Fundi alikuwa amekwenda kwa daktari wa macho, maana ana mtoto wa jicho, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Nikachukua tepu. Deo akashika mfuko wake wa pili, ule wenye pedi, akaniuliza, “Nivae, mdogo wangu?”

Nami nikashindwa. Kwa Kiingereza ningesema. Lakini huyu alikuwa kaka, ananiita mdogo wake, ananisemesha lugha ya nyumbani, na katika lugha ya nyumbani maneno nyonga na makalio hayakutaka kutoka kinywani mwangu mbele ya mwanaume aliyenizidi umri. Niliona kama Mama amesimama nyuma yangu. Nikasema hapana, kaka, haina haja. Nikampima juu ya suruali ya jinzi, haraka, nikiangalia ukuta. Thelathini na nane. Kwenye safu ya jukwaa nikaandika arobaini. Nilikisia. Nilijiambia inchi mbili zinatosha kwa sponji.

Fundi alikata Jumatatu iliyofuata, kwa namba zangu. Mkasi mkubwa ulipokuwa unapita kati ya mbayuwayu nilishikilia ncha ya kitambaa isiteleze, na namba nikaiacha ilivyo. Nilikuwa nategemea bahati.

Alhamisi, siku tatu kabla ya onyesho, Deo akaja kujaribu, safari hii amevaa kila kitu chini. Gauni lilipanda mpaka mapajani likasimama. Tulivuta. Mkuu wa Pasi akaacha pasi yake akaja kuvuta. Zipu ilikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Deo alikuwa anaangalia ndege waliokatwa katikati kwenye mishono ya pembeni.

Fundi akampima upya nyonga, arobaini na sita, akalichukua daftari, akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya puani. Akauliza hii arobaini imetoka wapi.

“Labda nimenenepa, Fundi,” Deo akasema.

“Kwa mwezi mmoja? Inchi sita? Ulikula nini, matairi?”

Nilijua Deo ananiachia mlango wazi. Ningenyamaza tu, lingepita. Nikasema kwamba sikumpima. Nilikisia. Aliniuliza kama avae, nikamwambia haina haja.

“Kwa nini?”

“Niliona haya.”

Nilitegemea kufukuzwa. Fundi alivua miwani yote miwili, akakaa kwenye ile stuli ya wateja. Hakupandisha sauti.

“Riziki, kila mtu anayepanda ngazi hizi ameshaonewa haya mahali pengine. Na baba, na shule, na msikiti, na kanisa. Anakuja hapa amechoka. Akikuta haya na hapa, tena kwa lugha ya mama yake, utamtuma wapi?”

Sijawahi kugombezwa vibaya kuliko hivyo, na nimegombezwa na watu wenye sauti kubwa.

Kitenge kingine hakikuwepo. Tulitafuta kwenye simu jioni nzima, Deo na mimi. Wale mbayuwayu hawachapishwi tena. Dawa ilikuwa moja: kukata sehemu ya mkia, kutoa vipande viwili vya inchi tatu, kuvipachika kushoto na kulia. Lakini vipande vyenyewe vingeonekana kama viraka, ndege wangekutana kichwa na mkia bila mpango, na kwenye taa za ukumbi mkubwa kila mtu angeona. Fundi alisema kukata bado anaweza, mkono unakumbuka, lakini kuunganisha ndege kwa ndege macho yake hayafiki tena, na ana nguo kumi na nne nyingine za Jumapili hiyohiyo. Akauliza kama tunamjua mtu wa vitenge, fundi hasa.

Nilimjua. Nikasema, “Mama yangu.”

Deo akanigeukia. Mama anasali kanisa moja na nusu ya watu wanaomwita Deo kwenye harusi zao. Neno moja lingetosha kumnyima kinanda na salamu pia. Nikasema ninaweza kumwambia ni gauni la mteja tu, mwanamke fulani.

“Hapana,” akasema. “Mama yangu alinunua kitenge hiki akidhani nitaoa, nami nilimwacha adhani mpaka amekufa. Sitaki kidanganye mama wa pili. Mwambie ni cha nani.”

Ijumaa mchana nilimkuta Mama ametoka zamu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Nikatandika gauni mezani. Kabla ya kuuliza kitu alinyoosha mkono akakisugua kitambaa kati ya vidole viwili, akasema hii ni ile nzito ya zamani, haitokeake tena. Nikamweleza yote mfululizo, kwa sababu ningesimama nisingeendelea: duka, watu wa mtaa, Deo wa kinanda, mama yake, kitenge cha mkwe, na namba yangu ya uongo.

“Na bibi harusi yuko wapi?”

“Hakuna, Mama. Deo atalivaa mwenyewe.”

Mama alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akaurudisha.

“Kwa hiyo huko ndiko unafanyaka kazi.”

“Ndiko.”

“Miaka miwili.”

“Miwili, Mama.”

“Na unaniambia leo kwa sababu umeharibu.”

Alisema mengi baada ya hapo, aliyofundishwa na anayoyaamini, na siyaandiki yote. Mengine yaliniuma kuliko alivyojua. Nilisimama nikayasikiliza mpaka yakaisha. Kisha akaomba daftari aone vipimo, maana huo ndio ugonjwa wa mafundi, hata wakiwa na hasira lazima waone vipimo.

“Arobaini na sita? Mwanaume gani ana nyonga hizi?”

“Ni sponji, Mama. Anavaa kwa ndani.”

“Sponji.” Akafikiri. “Na mimi miaka yote hii nakula ugali bure.”

Hakucheka. Nami sikuthubutu. Akakausha miguu, akaniambia nisogeze meza dirishani kwenye mwanga.

“Sishoni kwa ajili yake,” akasema. “Nashona kwa ajili ya yule mama aliyebeba. Kitambaa cha mama wa watu hakiwezi kuishia jalalani kwa sababu binti yangu ameona haya.”

Mnaonifuata, hili ndilo fundisho la kazi ambalo hamtalipata dukani, nawapa bure. Kitenge chenye picha kubwa hakiungwi kwa mstari. Mimi nilishachukua rula na chaki; Mama akanipokonya. Ukishapachika vile vipande, kwenye mabaki unakata kwa kumzunguka ndege mwenyewe, bawa na mkia, ukiacha ukingo mdogo wa kukunja ndani. Unamlaza juu ya mshono, nusu yake upande huu na nusu upande ule, ukitafuta mahali ambapo tayari kundi linaelekea. Unapiga bandi. Ndipo unamshona kwa mkono pembeni, mishono midogo isiyoonekana, na mshono wa chini unapotea chini ya tumbo lake. Ndege kumi na mmoja kila upande. Yeye alishona wa kushoto, mimi wa kulia, na kila nilipomaliza mmoja aligeuza upande wa ndani akakagua, na wanne alinifumulisha. Tulimaliza Jumamosi adhuhuri. Katika muda wote huo hakunisemesha isipokuwa mambo ya uzi.

Jumapili Mama akaenda kanisani, mimi nikaenda ukumbini. Huo ndio ulikuwa wadhifa wangu wa mwisho na wa juu kabisa: mvalishaji. Mvalishaji hukaa nyuma ya pazia na sindano iliyokwisha kutiwa uzi imechomekwa kifuani, pini za usalama mfukoni, tochi ndogo mdomoni. Anayeamuru huko ni Meneja wa Jukwaa, mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni na nywele zilizonyolewa, ambaye hakuna malkia anayembishia. Aliniangalia akaniuliza kama mimi ndiye wa Fundi. Nikasema ndimi, na nikagundua nimesema nikiwa namtazama usoni. Akasema nina dakika nne.

Deo alikuwa tayari amevaa pedi, mkaja na wigi. Niligusa nyonga mwenyewe, kwa mikono miwili, nikazisawazisha, nikamwambia kwa Kiswahili safi, “Kaka, nyonga ya kushoto imepanda, ishushe kidogo.” Akaishusha. Gauni likapanda magotini, mapajani, likafika pale liliposimama Alhamisi. Nikavuta zipu. Ilipita bila kunung'unika mpaka juu.

Onyesho lenyewe sikuliona vizuri, mvalishaji haoni. Niliona kwa upenyo wa pazia, mgongo na mkia uliofupishwa. Lakini nilisikia. Madamu Tanganyika alisimama kwenye taa, akangoja watu wamalize kupiga mbinja, akasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza:

“Kitenge hiki mama yangu alikinunua kwa ajili ya bibi harusi. Tumemsubiri sana. Hakuja. Nimekuja mimi.”

Halafu akaimba, kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kanisani. Meza za mbele zilisimama, kisha ukumbi wote. Alipogeuka upande wetu niliona nyonga ya kulia, yangu, na mbayuwayu wanaivuka kama kwamba walizaliwa hapo. Fundi, aliyekuwa pembeni yangu na miwani yake yote, aliniuliza mshono uko wapi. Nikamwonyesha. Akainama, akatafuta, akasema hauoni, na kwamba si kwa sababu ya macho.

Nimestaafu mwisho wa Agosti, kwa sababu nakwenda chuo Ottawa. Fundi hakutoa hotuba. Aliniambia vilabu vinapungua, vijana wanakutana kwenye simu, na magauni yanaletwa na posta yakiwa yameshonwa tayari. Akasema hajali, kwa kuwa hakuna posta inayojua kupima mtu atakayepanda jukwaani, na kwamba mahali popote nitakapokuwa nikiulizwa nilijifunzia wapi nitaje barabara. Nitaitaja. Najivunia mtaa ule kuliko shule yangu, nisamehewe na walimu. Najivunia mzee yule asiyeacha nguo impwaye mtu hata jenezani. Najivunia ndege kumi na mmoja wa kulia. Hata lile kosa nalisimulia sasa bila kuangalia viatu, maana mtu aliyekisia mara moja na akaona kilichotokea hakisii tena.

Mama hakuuliza kitu Julai yote, wala Agosti. Jumamosi iliyopita nilikuwa nafungasha nguo zangu, akaja akakaa kitandani, akakunja fulana mbili zilizokuwa zimekunjwa tayari.

“Ile nguo,” akasema. “Una picha yake?”

Nilikuwa na video, alinitumia Deo. Mama aliishika simu mbali na uso kama anavyosoma maandishi ya dawa. Mara ya kwanza aliisimamisha haraka, akapanua kwa vidole viwili mpaka skrini nzima ikawa nyonga ya kulia.

“Hapa ulivuta uzi mno.”

“Ndiyo, Mama.”

Akaipunguza tena, akaiacha iende. Aliitazama mpaka mwisho, na pale Deo aliposema habari ya bibi harusi alirudisha nyuma akasikiliza mara ya pili. Kisha akanirudishia simu.

“Anatembea vizuri,” akasema. “Maharusi wengi niliowavisha wanatembea kama wamebeba ndoo.” Akasimama, akafika mlangoni. “Akitaka jingine, mwambie aje mwenyewe nimpime. Na hizo sponji zake aje nazo.”

Yangu mimi, kwamba nami ni mtu wa mtaa, sijamwambia bado. Kiingereza Mama anakisoma kwa shida. Kuandika kwa Kiingereza kungekuwa rahisi kwangu, na nimezoea. Haya nimeyaandika kwa Kiswahili, yote, ili yeye ayasome kabla yenu, pamoja na kile nilichosema kuhusu njia ndefu ya kurudi nyumbani. Basi la Ottawa linaondoka saa nne asubuhi. Nitayaacha mezani, juu ya cherehani yake, mahali anapoweka vitu atakavyovishughulikia kwanza.